Urithi wa Mwili na Deni la Jirani

Methali mbili za Kiswahili hugombana tangu zamani, wala hapana mwamuzi aliyefaulu kuzipatanisha. Moja husema kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka. Ya pili husema kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ya kwanza humpa damu mamlaka yote. Ya pili huyatia mamlaka hayo mikononi mwa mlezi. Watu huzitumia zote mbili kwa kadiri ya haja zao, pengine katika siku moja. Mtoto wa jirani akiharibika, hutajwa nyoka. Mtoto wa msemaji akifanikiwa, hutajwa malezi. Kwa hivyo ugomvi wa methali hizi si mchezo wa maneno. Ndani yake imo hesabu ya lawama na sifa: nani adaiwe mtu anapokuwa dhaifu, na nani ashukuriwe anapokuwa na nguvu.

Elimu ya viumbe imeingia katika ugomvi huu na kutoa ushahidi mpya. Tawi lake linaloitwa epijenetiki, jina lililotungwa na Conrad Waddington wa Uingereza katika mwaka 1942, huchunguza jinsi jeni zinavyoamshwa na kunyamazishwa bila ya herufi zake kubadilika. Ushahidi huo hauko mbali na Mbulu na Hanang, wilaya mbili za Mkoa wa Manyara katika Tanzania. Katika nyanda za juu za Mbulu Wairaqw hulima na kufuga. Katika bonde la Yaeda Wahadza huwinda, huchimba mizizi na kurina asali. Chini ya Mlima Hanang Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatoga, huishi na ng'ombe wao. Jembe, mfugo, upinde na mzinga, zimekutana katika eneo ambalo mtu hodari wa miguu huweza kulipita kwa siku chache. Mahali ambapo riziki hutofautiana hivyo, swali la kile ambacho chakula huufanyia mwili si swali la maabara peke yake. Ni swali la haki pia.

Mfano mwepesi kuliko yote umo katika mzinga wa nyuki. Malkia na nyuki mtumishi hutoka katika mayai ya namna moja. Herufi za urithi wao hazitofautiani kwa cheo. Katika siku za mwanzo buu lolote hulishwa uji mweupe utokao katika vichwa vya nyuki walezi. Kisha mabuu ya watumishi hubadilishiwa chakula, yakapewa asali na chavua, na lile lililochaguliwa kuwa malkia huendelea kupewa uji ule ule. Yule wa kwanza huishi majuma machache na hazai kama malkia azaavyo. Wa pili huishi miaka na kuzaa kizazi chote cha mzinga. Katika mwaka 2008 watafiti wa Australia walinyamazisha katika mabuu kimeng'enya kimoja ambacho kazi yake ni kutia alama juu ya jeni, na mengi ya mabuu hayo yakakua na maumbile ya malkia bila ya ulaji wa malkia. Hivyo ilidhihirika kwamba chakula hakikubadili urithi. Kilibadili namna urithi ulivyosomwa. Mwenye kurina asali hubeba mkononi mwake jibu la sehemu ya swali ambalo wanafalsafa wameligombania kwa karne nyingi.

Namna ya kusomwa kwa urithi huhitaji maelezo. Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 zenye kuamuru utengenezaji wa protini, na karibu kila seli ya mwili wake ina nakala ya jeni zote. Walakini seli ya ini haifanyi kazi ya seli ya jicho, wala seli ya ngozi haijaribu kupiga kama moyo. Kitabu ni kimoja, lakini kila seli hufungua kurasa zake na kufunga nyingine. Uzi wa DNA, ambao katika seli moja una urefu upatao mita mbili, umezungushwa juu ya protini ziitwazo histoni, kama uzi wa mshonaji unavyozungushwa juu ya kijiti chake. Mahali ulipokazwa, jeni hazisomeki. Mahali ulipolegezwa, husomeka. Alama ndogo ndogo ndizo zinazoongoza kazi hiyo. Methili ikibandikwa juu ya herufi za DNA, aghalabu hunyamazisha jeni iliyo karibu. Asetili ikibandikwa juu ya histoni, hulegeza uzi na kuipa jeni nafasi ya kusema. Viko vimeng'enya vinavyoandika alama hizo, na viko vingine vinavyozifuta.

Sasa huulizwa: wino wa mwandishi huyu hutoka wapi? Jibu ni kwamba hutoka jikoni. Methili hupatikana kwa msaada wa vitu vilivyomo katika mboga za majani, maharage, mayai, maini na nyama: foleti, kolini, methionini na vitamini B12. Asetili hupatikana sukari na mafuta yanapovunjwa ndani ya seli ili kutoa nguvu, kazi ambayo wataalamu huiita umetaboli. Hata wafutaji wa alama wanahitaji mshahara wao. Baadhi ya vimeng'enya vya kufuta asetili havifanyi kazi bila ya NAD, ambayo mwili huitengeneza kwa niasini. Na baadhi ya vile vya kufuta methili huhitaji madini ya chuma pamoja na kitu kimoja kitokacho katika tanuri za seli, yaani mitokondria. Bakteria wa tumboni nao wana sehemu yao, kwa maana huchachusha nyuzi za mizizi, matunda na nafaka na kutoa asidi ndogo ndogo. Moja ya hizo, butireti, huzuia baadhi ya vimeng'enya vya kufuta asetili. Katika mwaka 2017 ilitangazwa kwamba kundi la bakteria wa tumboni mwa Wahadza hugeuka na majira: aina fulani hupungua hata karibu kutoweka katika masika, wakati wa asali na matunda, kisha hurudi katika kiangazi, wakati wa nyama. Kwa njia kama hizi habari za ghala, malisho na msitu huweza kufika hata mlangoni mwa jeni. Umetaboli ndio mjumbe, na alama ndizo barua anazozipeleka.

Hata hivyo ingekuwa kosa kudhani kwamba barua ni kitu kikubwa na kitabu si kitu. Maziwa ya Hanang yanaonya juu ya kosa hilo. Mtoto wa binadamu huzaliwa akiwa na kimeng'enya laktasi kinachovunja sukari ya maziwa. Kwa watu walio wengi duniani jeni ya kimeng'enya hicho hupunguza sauti yake baada ya utoto, na maziwa mabichi yakawa mazito tumboni. Katika mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walitangaza kwamba miongoni mwa jamii za Tanzania na Kenya liko badiliko la herufi moja, mbali na lile la watu wa Ulaya, ambalo huiacha jeni hiyo iendelee kusema hata utu uzimani. Miaka tisa baadaye watafiti wa Kanada, baada ya kuchunguza matumbo ya watu na ya panya, walionyesha jinsi unyamavu huo unavyokuja: kwa wasio na badiliko la herufi, alama za kunyamazisha huzidi katika sehemu hiyo kadiri umri unavyozidi, kwa wenye nalo, njia hubaki wazi. Hapa herufi na alama hushirikiana kama mume na mke katika nyumba moja. Tena juu ya zote mbili kuna jambo la tatu, nalo ni desturi. Badiliko lile lisingekuwa na thamani yoyote kama hapangekuwa na watu waliofuga ng'ombe na kunywa maziwa yao kwa maelfu ya miaka. Damu ya mfugaji, ambayo methali ya nyoka huidhania kuwa mwanzo wa kila kitu, yenyewe imechongwa na maisha ya wazee wake.

Ikiwa mambo ni hivi, swali la wajibu haliwezi kukwepwa. Chakula, maji, moshi na hofu havimfikii mtoto kwa hiari yake. Hufikishwa kwake na watu, au huzuiwa na watu. Ushahidi wa Uholanzi ni mzito katika jambo hili. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 hata 1945 utawala wa Kijerumani ulizuia chakula kisiingie katika miji ya magharibi ya nchi hiyo, na posho ya mtu mzima ikashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Zaidi ya nusu karne ikapita. Katika mwaka 2008 wataalamu walitangaza kwamba watu ambao mimba zao zilitungwa wakati wa njaa ile walikuwa na methili pungufu juu ya jeni ya IGF2, ambayo huhusika na kukua kwa mwili, walipolinganishwa na ndugu zao wa tumbo moja ambao hawakupatwa na njaa hiyo. Amri iliyotolewa na askari ilikuwa imekwisha, askari wenyewe walikuwa wamekufa, lakini saini yao ilikuwa ingali inasomeka katika damu ya wazee wa miaka sitini.

Wala si vita peke yake viandikavyo. Katika vijiji vya Gambia iligunduliwa kwamba majira ya kutungwa kwa mimba, ama mvua ama kiangazi, pamoja na virutubisho vilivyomo katika damu ya mama wakati huo, hufuatana na tofauti za methili juu ya baadhi ya jeni za mtoto. Katika mji wa Dhaka, Bangladesh, matokeo yaliyochapishwa katika mwaka 2018 yalionyesha kwamba kwa watoto waliodumaa alama za methili juu ya histoni zilikuwa zimehama: zilipungua mahali pake pa kawaida na kuongezeka mahali pengine. Tofauti ya alama si lazima iwe ugonjwa, na wataalamu waangalifu hawaiiti hivyo. Lakini ni dalili kwamba mwili umesikia hali ya nje na kuijibu.

Mbulu nako kuna habari yake. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa katika mwaka 1955, ilikuwa kimoja cha vituo vinane vya uchunguzi mkubwa wa watoto ulioanza katika mwaka 2009 na kuhusisha nchi za Asia, Afrika na Amerika ya Kusini. Uchunguzi huo ulitafuta sababu za watoto kudumaa, yaani kubaki wafupi kuliko umri wao. Katika mwaka 2016 ilichapishwa kwamba miongoni mwa watoto wa Tanzania na wa Peru, wale waliokuwa na triptofani kidogo katika damu yao walielekea kukua kidogo kwa urefu. Triptofani ni sehemu ya protini. Tena mwili huweza kuigeuza kuwa niasini, na niasini kuwa NAD. Mahindi yana triptofani kidogo, na niasini yake imefungwa hata tumbo hushindwa kuifungua ila yakitayarishwa kwa chokaa au majivu, kama walivyofanya watu wa kale wa Meksiko. Mtoto anayelishwa uji wa mahindi siku zote, na tumbo lake likishambuliwa kila mara na vijidudu, huweza kushiba na papo hapo kuwa na njaa ndani ya seli zake.

Fikra njema ikazaliwa kutokana na ujuzi huu. Katika mwaka 2017 ulianza mjini Haydom uchunguzi mwingine wa watoto 1,188, ambao waliandikishwa katika majuma mawili ya kwanza ya maisha yao. Baadhi ya mama walipewa nikotinamidi, ambayo ni namna ya niasini, wakati wa kunyonyesha, kisha watoto wao walipewa hiyo hiyo kutoka mwezi wa sita hata wa kumi na nane. Wengine walipewa dawa za kuua vijidudu vya tumboni, wengine walipewa vyote viwili, na wengine walipewa vitu visivyo na dawa ili pawe na kipimo cha kulinganishia. Matokeo yalichapishwa katika mwaka 2021. Watoto wa makundi yote walikuwa na urefu sawasawa. Kile kilichotarajiwa hakikutokea.

Habari ya kushindwa kwa namna hii hufundisha kuliko habari nyingi za kushinda, wala haiwapunguzii heshima waliojaribu. Inafundisha kwamba mwili hausikilizi neno moja tu. Umetaboli wa mtoto ni baraza lenye wajumbe wengi: maji ya kisima, mbolea ya zizi iliyo karibu na mlango, moshi wa jiko, protini iliyokosekana katika chungu, kazi aliyoifanya mama alipokuwa mja mzito, na miezi ya ghala tupu kabla ya mavuno. Kumleta mjumbe mmoja mpya katika baraza hilo hakubadili shauri lililokwisha kukatwa na wengine wote. Katika magharibi ya Kenya uchunguzi uliochapishwa katika mwaka 2018 ulitoa fundisho la jinsi hiyo hiyo: maji yaliyotiwa dawa, choo na sabuni havikuongeza urefu wa watoto, na chakula cha nyongeza kiliuongeza kidogo tu. Umaskini hauna mlango mmoja, na kwa hivyo hauna kufuli moja.

Kutoka hapa njia hugawanyika, na tatu kati ya njia hizo ni za upotevu.

Njia ya kwanza ya upotevu ni kuwashtaki akina mama. Kwa kuwa alama nyingi huandikwa mimba inapotungwa na mtoto anapokuwa tumboni, ni rahisi kusema kwamba mama ndiye mwandishi. Maneno ya namna hii huvaa joho la elimu lakini ni dhuluma ya kale. Mwanamke wa Mbulu anayebeba maji na kuni akiwa mja mzito, kisha akala ugali na mboga chache kwa sababu maharage yameuzwa ili kulipa karo au deni, hakuchagua chakula hicho, amechaguliwa. Yeye ni mlango ambao hali ya nyumba, ya kijiji na ya nchi hupitia ili kumfikia mtoto. Mlango haushtakiwi kwa upepo unaoingia. Tena baba naye yumo katika hesabu, kwa kazi anayoigawa, kwa fedha anazozishika na kwa nyama anayotengewa ale kwanza.

Njia ya pili ni kuwatia watoto chapa. Mtu akisikia kwamba njaa huandika juu ya jeni, huweza kusema kwamba watoto wa wenye njaa wameharibika milele, na kwamba fedha za kuwasomesha ni fedha za bure. Hii ni methali ya nyoka iliyorudi kwa mlango wa nyuma. Ukweli unaipinga. Katika wanyama wanyonyeshao, na binadamu miongoni mwao, alama nyingi hufutwa mbegu za uzazi zinapotengenezwa, na hufutwa tena katika siku za kwanza za kiinitete, ili kila kizazi kipewe karatasi iliyo karibu na weupe. Kwamba alama za njaa huvuka kutoka kwa babu mpaka kwa mjukuu ni jambo lililoonekana katika baadhi ya mimea na wanyama, lakini kwa binadamu halijathibitishwa. Hata katika maisha ya mtu mmoja wino huu si wa kudumu wote. Wavuta tumbaku hupungukiwa na methili juu ya jeni iitwayo AHRR. Wakiacha tumbaku, sehemu ya methili hiyo hurudi mwaka baada ya mwaka. Maumbile yenyewe, ambayo husingiziwa ukatili, yameweka nafasi ya msamaha. Binadamu hana ruhusa ya kuwa mkali kuliko maumbile.

Njia ya tatu ni kutupa mzigo wote. Mtu huweza kusema: ikiwa mwili wangu uliandikwa na njaa, moshi na hofu kabla sijajua kusema, basi hasira yangu si yangu, uvivu wangu si wangu, na deni langu halipo. Hoja hii ina nusu ya haki. Ni haki kwamba hapana anayepaswa kulaumiwa kwa alama ambazo hakuziandika. Walakini mwenye kusema hivyo husahau nusu ya pili. Yeye aliyeandikwa ni mwandishi pia. Kwa mtoto wake, kwa mke wake, kwa kibarua wake na kwa jirani wa chini ya mto, yeye ndiye hali ya nje. Moshi wake ndio hewa yao; maji yake machafu ndiyo kisima chao; neno lake la vitisho ndilo hofu yao. Neno mazingira hutamkwa kana kwamba maana yake ni milima, mvua na miti tu. Lakini kwa mtoto mchanga mazingira makubwa kuliko yote ni watu.

Ikikubaliwa kwamba kila mtu ni mazingira ya mwingine, hesabu ya lawama na sifa hubadilika. Wajibu haupimwi tena kwa ukaribu wa damu, hupimwa kwa uwezo wa kuandika. Mwenye uwezo mdogo ana deni dogo, na mwenye uwezo mkubwa ana deni kubwa. Mama mwenye chungu kimoja huandika mstari mmoja. Anayeamua juu ya ardhi ya maelfu ya watu huandika kitabu.

Hanang ina kumbukumbu ya jambo hili. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, nyanda za Basotu zilitwaliwa kwa kilimo cha ngano chini ya shirika la umma lililoitwa NAFCO, kwa msaada wa Kanada. Ardhi hiyo, ambayo kwa kawaida hukadiriwa kuwa karibu ekari 100,000, ilikuwa pamoja na malisho bora ambayo Wabarabaig waliyategemea katika mzunguko wao wa majira. Nchi ilihitaji mkate, na haja hiyo haikuwa ya uongo. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Katika mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa haki, na katika mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Katika mabishano ya aina hii hupimwa ekari, hati, mazao na fidia. Havipimwi maziwa yaliyopungua katika kibuyu, wala mwendo ulioongezeka wa mama mwenye mimba kwenda kutafuta maji, wala mahindi yaliyochukua nafasi ya maziwa katika bakuli la mtoto aliyeachishwa ziwa.

Hapana haja ya kudai kwamba alama fulani juu ya jeni fulani za Wabarabaig zilitokana na shamba fulani la ngano. Dai la namna hiyo lingekuwa uganga uliovaa miwani. Hoja ni nyepesi zaidi, na kwa wepesi wake ni ngumu kuikwepa. Imekwisha kujulikana kwamba chakula na taabu huingia mpaka mahali ambapo jeni husomwa. Kwa hivyo anayeondoa chakula cha watu na kuongeza taabu yao hawezi kusema kwamba amegusa ardhi tu. Ameweka mkono wake juu ya miili, na baadhi ya miili hiyo haijazaliwa. Hesabu ya mradi wowote, uwe wa ngano, wa hifadhi, wa barabara au wa mgodi, ambayo haina safu ya miili hiyo ni hesabu pungufu, hata kama jumla yake imefungwa bila ya kosa la senti moja.

Yamkini mtu atapinga na kusema kwamba deni la namna hii halina mwisho, kwa kuwa kila tendo humgusa mtu fulani, na mwenye kuogopa kugusa hataweza hata kupika. Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake ni kwamba wajibu haumtaki mtu awe malaika. Unamtaka aangalie palipo na nafasi ya kuchagua. Pale ambapo njia mbili za kulima, za kugawa maji au za kugawa nyama zimo katika uwezo wake, achague ile ambayo humwandikia mwingine mema. Pale ambapo hana uwezo, asijitese. Amdai mwenye nao. Haki ya kudai ni sehemu ya wajibu, kwa sababu anayenyamaza juu ya kisima kilichochafuliwa amekubali kwa kinywa cha mtoto ambaye bado hana kinywa.

Basi zile methali mbili zinaweza kukaa katika mkeka mmoja. Mtoto wa nyoka ni nyoka, maana herufi za urithi hazichaguliwi, na hapana uji wowote utakaomgeuza nyoka kuwa njiwa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, maana herufi hizo hazijisomi zenyewe. Husomwa kwa mwanga wa chakula, amani na hewa inayomzunguka. Kosa la methali ya kwanza ni kusahau msomaji. Kosa la ya pili ni kumdhania mlezi kuwa mtu mmoja, hasa mwanamke mmoja ndani ya nyumba moja, hali walezi ni wengi, na baadhi yao hukaa mbali, katika ofisi ambazo mtoto hatazijua.

Nyuki mlezi hulilisha buu moja uji mweupe na jingine chavua, na kwa kufanya hivyo huamua nani atakuwa malkia na nani atakuwa mtumishi. Hana lawama, kwa sababu hajui analofanya, wala hawezi kufanya vingine. Binadamu alikuwa na udhuru huo kwa muda mrefu, alipokuwa hajui kwamba bakuli la mtoto hufika mpaka katika urithi wake na kuugusa. Sasa amekwisha kujua. Udhuru wa nyuki si wake tena.